Hibiskasi Ndani ya Majira ya Baridi

Ndugu Mwenyekiti, wapenzi wa maua mliokusanyika hapa, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya mmea ninaoupenda kuliko mingine yote niliyowahi kuitunza. Nimeombwa nijibu swali ambalo huulizwa kila mwaka majani ya miti yanapoanza kupukutika: je, hibiskasi ya nchi za joto, ile yenye majani mabichi yanayong'aa na ua linaloweza kuzidi upana wa kiganja, inaweza kuishi miaka mingi mahali ambapo ardhi huganda? Jibu langu ni kwamba inaweza, tena inaweza kukaa ndani ya chungu kwa miongo kadhaa, ikawa na shina nene la mti na kuchanua kila mwaka, alimradi mwenye kuitunza aelewe kinachoisumbua hasa.

Kwa maana kinachoisumbua si kile ambacho wengi wetu hukidhani. Karibu kila mtu anajua kuiingiza ndani kabla ya barafu, na kwa hiyo hibiskasi zinazouawa na barafu yenyewe ni chache. Nyingi hufia ndani ya nyumba, baridi ikiwa imeshakolea, mikononi mwa watu wenye mapenzi nazo, ambao waliona majani yakigeuka manjano wakaongeza maji, kisha wakaona hali haibadiliki wakaongeza mbolea. Hoja nitakayoishikilia leo ni kwamba mwanga ndio unaoamua kiasi cha maji, cha chakula na cha joto ambacho mmea unaweza kukitumia, na kwamba majira ya baridi ni wakati wa kupunguza. Anayeongeza vitu hivyo pasipo kuongeza mwanga anaudhuru mmea wake, hata kama nia yake ni njema.

Kwanza tuhakikishe kwamba tunazungumza juu ya mmea mmoja, kwa kuwa jina hibiskasi hubeba aina nyingi, na mashauri yanayoifaa moja yataiua nyingine. Iko Hibiscus syriacus, kichaka kinachomwaga majani yake yote na kustahimili baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ambacho ua lake ni nembo ya taifa la Korea Kusini. Iko pia Hibiscus moscheutos, yenye asili ya maeneo ya majimaji mashariki mwa Marekani, ambayo sehemu yake ya juu hufa kila mwaka, mizizi ikabaki hai chini ya udongo ulioganda na kuchipua upya joto linaporudi. Hizo mbili hukaa nje mwaka mzima, na anayeziingiza sebuleni anazikosesha baridi zinayoihitaji. Ninayoizungumzia mimi ni Hibiscus rosa-sinensis, ambayo Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliipa jina hilo mwaka 1753, na ambayo majani yake hubaki mabichi mwaka mzima, yana ngozi laini yenye kung'aa, na hayana utaratibu wa asili wa kulala wakati wa baridi. Ukiwa hujui ulichonacho, ligeuze jani kwenye mwanga: jani linene linalorudisha mng'ao ni la nchi za joto, na jani lisilong'aa, jembamba au lenye vinyweleo, kwa kawaida ni la hizo nyingine.

Hata ndani ya Hibiscus rosa-sinensis kuna tofauti kubwa, na sababu yake ni nasaba. Mmea huu umekuwa ukichanganywa na jamaa zake kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa mimea Charles Telfair alikuwa tayari akizalisha machotara kisiwani Mauritius, na katika damu ya hibiskasi za bustani za leo zimo aina za visiwa vya Bahari ya Hindi, za Hawaii, za Fiji, na hata Hibiscus schizopetalus ya Afrika Mashariki, ile yenye petali zilizochanikachanika na kuning'inia kwenye kikonyo kirefu. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kuzitunza hibiskasi zao kwa namna ileile, moja ikavuka majira ya baridi pasipo kupoteza majani mengi na nyingine ikabaki vijiti. Kwa ujumla, zile za zamani zenye ua dogo la rangi moja, jekundu au la waridi, ni ngumu zaidi, na mtu anayeanza afadhali aanze na hizo. Zile zenye ua kubwa la rangi nne au tano zimechaguliwa kwa uzuri wa ua pekee. Nyingi zina mizizi dhaifu, na ndiyo sababu watunzaji huzibebesha juu ya shina la aina nyingine lenye mizizi imara.

Sasa niseme baridi hufanya nini ndani ya mmea, kwa sababu mtu akilielewa jambo hili hatahitaji kukariri masharti. Ziko baridi mbili. Ya kwanza ni ile iliyo chini ya sifuri, ambapo maji yaliyo kati ya seli moja na nyingine huganda, barafu ikayavuta maji yaliyomo ndani ya seli, na jani likatoka katika baridi hiyo likiwa jeusi na teketeke. Hiyo huonekana asubuhi inayofuata na haina ubishi. Ya pili ni baridi isiyogandisha chochote, ambayo huanza chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Hapo utando unaoizunguka seli ya mmea wa nchi za joto hukakamaa, mizizi hupunguza kunyonya, na mmea unaweza kunyauka huku umesimama ndani ya udongo uliolowa. Baridi hii ya pili ndiyo ya hatari kwetu kwa kuwa haionekani, na kwa kuwa dalili yake ya kwanza, yaani majani kulegea, inafanana kabisa na dalili ya kiu. Mwenye mmea huliona jani limelegea, huleta maji, na udongo uliokuwa umelowa na baridi huwa umelowa na baridi zaidi. Hewa hutoweka kwenye udongo, mizizi hukosa oksijeni, na vimelea vya kuoza vya jamii ya Pythium hupata makao. Wiki tatu baadaye shina hulegea pale linapogusana na udongo, na hapo hakuna dawa.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ninachomshauri kila mtunzaji akitafute ni kipimajoto kirefu, hata kile cha kupimia nyama jikoni, cha kuchomeka kwenye udongo wa chungu. Kipimajoto cha ukutani kinatueleza habari za hewa tunayoivuta sisi. Mizizi inaishi mahali pengine. Chungu kilichowekwa juu ya sakafu ya mawe au vigae karibu na dirisha kinaweza kuwa na udongo wa nyuzi 13 katika chumba ambacho watu wanakaa kwa raha kwenye nyuzi 20, na kikiwa ni chungu cha udongo wa kuchoma, maji yanayovukizwa kwenye kuta zake hukipoza zaidi. Kikinyanyuliwa kikawekwa juu ya kibao au kipande cha povu gumu, udongo hupanda nyuzi kadhaa pasipo gharama yoyote. Mimi huona udongo ukiwa chini ya nyuzi 15 ni onyo, na chini ya nyuzi 12 simwagilii kabisa mpaka nimekihamisha chungu na udongo umepata joto.

Nirudi kwenye mwanga, ambao ndio kiini cha maneno yangu. Macho yetu hayafai kuupima, kwa sababu mboni hupanuka gizani na kusinyaa kwenye mwanga, na ubongo hutuaminisha kwamba chumba kina mwanga wa kutosha. Nje, mchana wa jua kali la kiangazi, mwanga hufikia laksi 100,000, laksi ikiwa ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Kwenye kioo cha dirisha siku ya mawingu katikati ya majira ya baridi ni nadra kupata laksi 2,000, na ukirudi nyuma mita mbili kutoka hapo, kwenye ile kona nzuri ambayo mmea unapendeza machoni mwa wageni, unaweza kukuta laksi mia mbili au tatu tu. Mmea uliozoea kula chakula kizima sasa unapata chembe zake. Usanisinuru hushuka, sukari inayotengenezwa haitoshi hata kuyalisha majani yaliyopo, na mmea huanza kuyaacha majani ya zamani ili kuokoa machipukizi. Katika hali hiyo, kuumwagia maji na mbolea ni sawa na kumlazimisha mgonjwa mlo mzito.

Hibiskasi yetu inatofautiana na Hibiscus moscheutos katika jambo moja lenye manufaa makubwa kwetu. Ile ya majimaji husubiri siku ndefu ndipo itoe maua, bali hii yetu haihesabu urefu wa siku. Ikipata jumla ya mwanga wa kutosha na joto linalofaa, itatoa matumba mwezi wowote. Ndiyo maana taa zimebadilisha kabisa hali ya watunzaji wa nchi za baridi. Taa za LED zenye mwanga mweupe, zikining'inizwa kiasi cha sentimita 30 juu ya vilele na kuwashwa saa 14 hadi 16 kwa siku, huweza kuitunza hibiskasi ikiwa na majani yake yote na wakati mwingine ikiwa na maua, hata dirisha likiwa linatazama upande usio na jua. Usiku ziachwe zimezimwa, na njia nyepesi ni kuziunganisha na swichi yenye saa, kwa kuwa binadamu husahau. Asiye na taa atafute dirisha linaloelekea jua la mchana, yaani la kusini kwa walio kaskazini mwa ikweta na la kaskazini kwa walio kusini mwake, na akisogeze chungu mpaka karibu na kioo bila majani kukigusa. Jani linalogusa kioo usiku wa baridi hupata madoa ya kahawia. Na tahadhari kuhusu mapazia: pazia zito likifungwa usiku huku mmea ukiwa kati yake na kioo, mmea umetengwa na joto la chumba, na kwa saa kumi utakuwa unakaa na baridi ya nje.

Kazi ya majira ya baridi huanza mapema kuliko tunavyozoea. Watu wengi husubiri utabiri wa barafu ya kwanza ndipo wahangaike na vyungu usiku. Mimi natazama usiku unaoshuka kufikia nyuzi 12 na sisubiri ufike 10, kwa kuwa mmea ulioingia ndani ukiwa bado na nguvu zake huvumilia mabadiliko vizuri zaidi. Kabla ya kuingia, uoshwe. Ninaposema uoshwe nakusudia maji yenye nguvu ya kiasi, chini ya kila jani, huku udongo umefunikwa kwa mfuko wa plastiki uliofungwa shinani, kisha majani yapakwe maji ya sabuni laini ya kuulia wadudu na kurudiwa baada ya wiki moja. Vidukari na inzi weupe wachache ambao nje hawakuwa na athari, kwa sababu wadudu wanaowala walikuwepo, ndani watazaana bila adui hata mmoja.

Baada ya kuingia, majani yatapukutika. Naomba hili lisimtishe mtu. Jani lililokua kwenye jua kali ni nene, lina tabaka nyingi za seli na linatumia nguvu nyingi kujiendesha. Kwenye mwanga hafifu linakula kuliko linavyozalisha, na mmea hulitupa. Majani yatakayoota ndani yatakuwa mapana, membamba, ya kijani iliyokolea zaidi, nayo ndiyo yanayofaa mahali hapo. Jani la manjano linaloanguka kutoka chini, moja moja, katika wiki za kwanza, ni la kawaida. Ninaloliogopa ni jani changa la juu linalogeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Hilo linaonyesha kwamba madini ya chuma hayafiki kileleni, na watu hukimbilia dukani kununua chuma, ilhali mara nyingi chuma kimo ndani ya udongo. Kinachokosekana ni mizizi yenye joto la kukinyonya, au udongo umekuwa wa alkali kutokana na maji yenye chokaa nyingi. Pima joto la udongo kabla hujanunua chochote.

Kumwagilia wakati huu kunahitaji mkono wenye subira. Wapo wanaopunguza maji kwa kumimina kikombe kidogo kila siku, na matokeo yake ni udongo uliolowa juu na kukauka chini, pamoja na chumvi zinazojikusanya mpaka ukoko mweupe ukaonekana ukingoni mwa chungu. Njia iliyo salama ni kumwagilia kwa ukamilifu mpaka maji yatoke chini, kuyamwaga yaliyobaki kwenye kisahani, na kisha kungoja. Kungoja huko kunapimwa kwa uzito. Kinyanyue chungu mara baada ya kumwagilia, ukihisi uzito wake, kisha kinyanyue tena kila baada ya siku mbili tatu; ukifika wakati ambapo kimekuwa chepesi waziwazi, na kidole kilichozamishwa mpaka kiungo cha pili kinakuta ukavu, hapo ndipo maji yanahitajika. Katika kiangazi muda huo unaweza kuwa siku moja, na katikati ya majira ya baridi unaweza kuwa siku kumi au zaidi kwa mmea uleule. Maji yawe ya uvuguvugu, yaliyokaa chumbani, kwa kuwa maji ya bomba wakati wa baridi yanaweza kuwa na nyuzi 5, nayo yakimiminwa kwenye chungu yanafuta kazi yote tuliyoifanya ya kuutia udongo joto.

Adui wa ndani ya nyumba ninayemchukia kuliko wote ni utitiri mwekundu. Hewa iliyokaushwa na vipasha joto ndiyo inayomnufaisha, na kwenye joto la nyuzi 30, kama lile lililo juu kabisa ya kipasha joto, yai lake huwa utitiri mzima unaotaga ndani ya kiasi cha wiki moja. Dalili ya mwanzo ni vidoa vidogo mno vya rangi hafifu juu ya jani, ambavyo huonekana kana kwamba vumbi limetua. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi, ligongegonge tawi mara tatu, halafu usogeze karatasi dirishani na kutulia. Vumbi litabaki mahali pake. Kama chembe zimeanza kutembea, tena ukizipangusa kwa kidole zinaacha mistari myembamba ya rangi ya kutu au ya kijani, basi umempata, na siku hiyohiyo mmea uende bafuni ukaoshwe chini ya majani, zoezi lirudiwe kila baada ya siku nne au tano kwa wiki tatu, kwa sababu maji hayang'oi mayai yote. Anayengoja mpaka aone utando amechelewa sana, ingawa mmea wenye afya bado unaweza kuokoka.

Ipo njia nyingine ya kuvuka baridi, nayo ni kuulaza mmea. Unawekwa mahali penye nyuzi 12 hadi 15, penye mwanga kiasi, unapewa maji kidogo sana ya kuzuia mizizi isikauke, na unaachwa umwage majani utakavyo. Wasio na nafasi wala taa huitegemea njia hii, na kwa aina zile ngumu za zamani inafaulu. Kwa aina zilizobebeshwa zenye maua makubwa siipendekezi. Mmea hutumia akiba iliyomo shinani kujiendesha, na ule usio na akiba kubwa unaweza kuimaliza kabla ya jua kurudi. Nikilazimika kuchagua kati ya chumba chenye joto kisicho na mwanga na chumba chenye baridi ya kiasi kisicho na mwanga, nitachagua cha pili bila kusita, kwa kuwa joto bila mwanga huulazimisha mmea kutoa vichipukizi virefu, vyeupe na dhaifu, vinavyoilamba akiba yote kwa haraka.

Siku zinapoanza kurefuka, na si kabla, ndipo tunapogoa. Hibiskasi hutoa ua kwenye tawi jipya pekee, kwa hiyo tawi refu lililo tupu tangu mwaka uliopita halina kitu cha kutupa mpaka likatwe lichipue upya. Kata theluthi moja ya urefu wake, juu kidogo ya kifundo kinachotazama nje, kwa mkasi mkali uliosafishwa, na uangalie sehemu iliyokatwa: ikiwa ya kijani na nyeupe tawi ni zima, ikiwa ya kahawia shuka chini mpaka ufikie uzima. Kutoka siku ya kupogoa mpaka ua la kwanza ni miezi miwili hadi mitatu, na katika nchi yenye kiangazi kifupi hesabu hiyo ni ya maana sana, kwa sababu anayepogoa siku za joto zilipokwisha kuingia atayaona matumba yake ya kwanza wakati wa kuurudisha mmea ndani. Huu pia ndio wakati wa kubadilisha chungu, ikiwa mizizi imekizunguka chote. Ongeza sentimita tatu au nne za upana tu, kwa kuwa hibiskasi iliyobanwa kidogo huchanua vizuri zaidi, na chungu kikubwa kupita kiasi hushika maji ambayo mizizi haiwezi kuyamaliza. Udongo uwe mwepesi, wenye mboji, magome ya miti yaliyooza na perlaiti, yaani chembe nyeupe nyepesi za mwamba, na wenye asidi kidogo, pH ya 6 hadi 6.8.

Kuutoa nje kunahitaji uvumilivu uleule wa kuuingiza. Usiku ukishatulia juu ya nyuzi 12, mmea ukae kivulini siku chache, kisha jua la asubuhi, kisha jua zima, kwa muda wa siku kumi hivi. Majani yaliyokua ndani hayana kinga ya jua, na mchana mmoja wa ghafla unaweza kuyaunguza mpaka yakawa meupe. Hapo nje mambo yote yanageuka: mwanga ni mwingi, na sasa maji na chakula vinaweza kufuata. Mbolea iwe na potasiamu nyingi, naitrojeni ya wastani na fosforasi kidogo, ichanganywe hafifu na kutolewa mara kwa mara. Zile mbolea zinazouzwa kwa sifa ya kuongeza maua kwa wingi wa fosforasi haziifai hibiskasi, kwani fosforasi ikizidi huuzuia mmea kutumia chuma.

Na hapo ndipo malipo yanapokuja. Tumba lililokomaa huwa limejisokota, petali tano zikiwa zimefungana kwa mzunguko, na jioni ya kuamkia kuchanua ncha yake huanza kulegea. Asubuhi petali zimefunguka, na katikati yake umechomoza mhimili mrefu uliobeba stameni kwa makumi, kila moja na kifuko chake cha chavua ya manjano, na mwishoni kabisa stigma, yaani vipokea chavua, tano ndogo za mviringo, zenye vinyweleo, zikitazama juu. Kwa aina nyingi ua hilo ni la siku moja tu. Ila jua hafifu la nchi zetu lina zawadi yake: katika siku za ubaridi wa wastani ua hudumu zaidi, pengine siku mbili, na rangi nyekundu hukolea kuliko inavyoonekana kwenye joto kali. Wapo waliokwisha kuziona hibiskasi hizi katika nchi za joto ambao hushangazwa na rangi zinazopata kwetu mwishoni mwa kiangazi.

Matumba yakianguka kabla ya kuchanua, tazama kilichobadilika katika siku zilizotangulia. Kiu ya siku moja inatosha, vithiripi, wadudu wadogo mno, wakiwa ndani ya tumba wanatosha, na kuhamishwa kutoka kwenye mwanga kwenda gizani kunatosha. Gesi ya ethilini nayo, ambayo matunda yanayoiva huitoa, huangusha matumba ya hibiskasi kwa urahisi mno, kwa hiyo bakuli la ndizi au tufaha lisikae jirani na mmea wenye matumba. Mmea uliosafirishwa gizani ndani ya boksi utamwaga matumba yake yote wiki ya kwanza, na anayeununua asidhani ameuziwa mgonjwa. Ajue vilevile kwamba hibiskasi fupi yenye kushonana inayouzwa dukani, mara nyingi imepewa kemikali ya kuzuia urefu, na nguvu ya kemikali hiyo ikiisha baada ya miezi kadhaa, vifundo vitaachana na mmea utaanza kuonyesha umbo lake halisi. Mkasi ndio utakaourekebisha.

Jambo la mwisho ni vipandikizi, nalo ni fupi. Kabla ya kuuingiza mmea ndani, wakati majani bado ni mazima na nguvu bado zipo, kata vipande vya sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye matawi yaliyoanza kukomaa, yaache majani mawili ya juu tu, uvichomeke kwenye mchanganyiko mwepesi wenye unyevu, uvifunike kwa mfuko unaopitisha mwanga na uviweke mahali ambapo udongo utapata nyuzi 22 hadi 25. Katika wiki nne hadi nane vitakuwa na mizizi. Mche mdogo hukaa kikamilifu chini ya taa moja, jambo ambalo mti wa mita mbili hauwezi, na mama yake akishindwa kuvuka baridi, aina ile haijapotea. Ukiwa na miche zaidi ya unayoihitaji, mgawie jirani mwenye dirisha zuri kuliko lako, kwa kuwa aina inayokaa katika nyumba tatu ni vigumu zaidi kutoweka katika baridi moja.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Waliokuja na majani ya manjano mifukoni, ambao nimewaona, wayalete mbele tuyatazame pamoja.